Plateau kubwa ya Trésor

Jeudi.

Huyu mutoto wangu Trésor atanimaliza na kinga yake, baiskeli ya course! Ametoa guidon, ule usukani yenye ilijikunja kama pembe ya kondoo, ameweka ya kunyooka, na sasa levier mupya ya kubadilisha vitesse inapigana na dérailleur ya mbele, yenye inasukumaka chaîne. Akipindua kinga magurudumu juu, chaîne, ule munyororo, inapanda plateau kubwa, ile gurudumu ya meno ya mbio, bila shida.

"Mama, unaona fundi?"

Akaisimamisha, nikaikala nyuma kama mukiliya wa toleka, taxi ya kinga, akaanza kukanyaga. Kidogo tu, krr! Chaîne imeanguka kwa plateau ndogo.

"Ni uzito yako, mama."

"Bon, fundi, ubebake upepo."

Amechoka, ameiacha kwa plateau ndogo. Kesho ataenda kazi kule aéroport ya Bangboka polepole, kati ya camions kubwa za barabara.

Nimemucheka sana. Asijue tu: tangu asubui nilikuwa naomba Mungu ile plateau ya mbio ikatae.