Sura ya Mama Kabla ya Jumatano

Kangemi,
Nairobi.
Jumapili, 18 Machi 2007

Mpendwa dada yangu Nyakio,

Amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya mwanao Jeremy. Natumaini mko wazima, na kwamba ile baridi uliyonilalamikia kwenye simu imeanza kulegea. Mgongo wako unaendeleaje na hiyo kazi ya kuinua wazee wa watu? Sisi huku tunapumua kwa neema. Mvua bado inajivuta, vumbi la hapa limetujaa puani, lakini mboga ya sukuma wiki sokoni ipo na hakuna aliyelala njaa. Mke wangu anakusalimu na kusema zile soksi ulizomtumia anavaa hata kitandani.

Nimeandika kwa Kiswahili kama ulivyoniomba, ili Jeremy asikie jinsi watu wazima wa kwao wanavyozungumza. Msomee. Ila pale nitakapomtaja daktari, soma kwanza peke yako.

Habari ya Mama ni hii. Ule uvimbe wa chini ya sikio utatolewa Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 28. Daktari alituketisha mimi na dada yetu Waringa na Mama mwenyewe, akatueleza polepole. Mshipa unaoendesha uso umepita katikati ya huo uvimbe. Wanaweza kuutoa na mshipa ubaki salama. Pia inaweza kutokea upande mmoja wa uso ukalegea, mdomo ukaenda kando, jicho likakataa kufumba. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu, kama ataweza kuimba. Daktari akasema ataimba. Mama akasema, “Basi.” Akachukua kibeti chake akasimama.

Ndiyo maana ukaniomba nimpige picha kabla ya siku hiyo. Picha iko kwenye bahasha aliyokuletea Janice pamoja na barua hii. Nakusihi usiifungue kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu sivyo ulivyoiagiza, na ningependa kukueleza ilivyokuwa.

Unamkumbuka mama Peres, yule waliyekuwa wakisali na Mama kila Alhamisi? Tulimzika Januari. Mwanawe aliye ng'ambo ndiye aliyekuwa na picha nzuri ya mamake, akaituma kwa kompyuta. Ili ipite haraka aliipunguza ikawa ndogo kama stempu. Huku wakaikuza wakaiweka kwenye fremu kubwa, ile ya kubebwa na mjukuu mbele ya jeneza. Nyakio, uso wote ulikuwa umekatika miraba miraba. Ukiwa mbali uliona mtu, ukikaribia humwoni. Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Uthiru, Mama akaniambia, “Baba, mimi usinizike nikiwa vigae vya bafu.” Unajua huniita baba kwa kuwa nimebeba jina la babake. Akiniita hivyo najua si ombi, ni amri.

Tangu hapo alisema atachagua mwenyewe picha ya mazishi yake, angali anaona. Waringa alimkemea kwamba anajiita kaburini. Mama akamjibu, “Hata shamba hulimwa kabla ya mvua.” Kwa hivyo picha uliyoitaka wewe na picha aliyoitaka yeye zikawa moja.

Sasa nikueleze jambo la hiyo kamera uliyonitumia mwaka juzi, kwa maana hapo ndipo kisa kilipo. Inaweza kuhifadhi picha kwa namna mbili. Ya kwanza ni JPEG, ndiyo ninayoitumia kwenye harusi. Kamera ikishapiga inaamua yenyewe, weupe uwe hivi, weusi uwe hivi, kisha inachoona hakina kazi inakitupa ili picha iwe nyepesi. Ni nzuri. Wageni hawajamaliza kula pilau, mimi nimeshatoka River Road na picha zao mkononi. Ya pili inaitwa RAW, maana yake mbichi. Hiyo haitupi kitu. Inaweka kila mwanga ulioingia, uje uamue mwenyewe baadaye ukiwa umetulia. Ubaya wake ni nzito, inajaza kadi upesi, na huwezi kuisafisha popote bila kuipika kwanza kwenye kompyuta.

Tulimpiga Mama picha nyumbani kwa Waringa kule Jamhuri, kwenye baraza, asubuhi kabla jua halijawa kali. Alivaa kile kitambaa cheupe cha kichwani cha akina mama wa kanisa, kimepigwa pasi hadi kinasimama. Hapo nikapata shida. Kitambaa ni cheupe pepe na Mama unamjua rangi yake. Nikifuata uso, kitambaa kinakuwa karatasi tupu. Nikifuata kitambaa, uso unazama gizani. Waringa akaniambia, “Wewe piga nyingi za kawaida, tutachagua, mbona unajisumbua?” Lakini nilimkumbuka mama Peres. Nikaiweka kamera ihifadhi zote mbili kwa mpigo mmoja, mbichi na iliyopikwa, hata kama kadi itajaa mapema. Na ilijaa kweli, Mama hajamaliza hata kunung'unika kuhusu kiti.

Kesho yake alienda hospitali wakamkata kipande kidogo cha kupima, na tangu siku hiyo ana bandeji kutoka sikioni hadi kidevuni. Kwa hivyo elewa, hakuna nyingine itakayopigwa kabla ya Jumatano. Zilizo kwenye kadi ndizo hizo.

Nilipeleka kwa Odero, yule Mluo wa River Road anayenisafishia picha. Nikamwambia nataka ile mbichi. Akabonyeza, akabonyeza tena, akaniangalia juu ya miwani.

“Mzee Waithaka, hii kitu haifunguki. Watu wanaletanga ugali, mimi napakua. Wewe umeniletea unga.”

“Unga si ndio unakuwa ugali?”

“Kwa jiko gani? Programu yake sina. Nipe JPEG, mzee, na watu wako kwa foleni wanangoja.”

Nikampa JPEG ya ile moja ambayo Mama hakuwa amefumba macho. Nikamwambia pia maneno yako ya kwenye simu, kwamba uvimbe utolewe, Mama awe yule uliyemwacha. Odero ni fundi, hilo simnyimi. Akafuta uvimbe kama anayepangusa meza. Uso ukiwa umeingia giza kidogo, akaung'arisha, akaendelea kuung'arisha, akalainisha na makunyanzi. Akahifadhi, akachapa kubwa. Nikaitia kwenye fremu nikajisikia nimekutendea wema.

Niliipeleka Jamhuri jioni hiyo. Mama aliishika, akaivuta karibu na dirisha, akaitazama kwa muda.

“Baba, huyu mama ni mzuri sana. Ni wa kwa nani?”

“Ni wewe, Mama.”

“Mimi? Basi huyu ndiye mpeleke hospitali. Mimi nibaki hapa na chai yangu.”

Waringa alicheka hadi akaketi. Mimi sikucheka. Nikamweleza kwamba ni wewe ulitaka hivyo, kwa sababu unamkumbuka alivyokuwa siku uliyoondoka. Mama akasema, “Huyo Mama aliyemwacha alikuwa na meno yote pia. Hayo mbona hukuyarudisha?”

Kisha akailaza ile picha mapajani, akasema kwa sauti ya chini. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia. “Nyakio ananiona kwa macho ya zamani, simlaumu, mbali ni mbali. Lakini huu uvimbe nimelala nao na nimeamka nao. Nimeenda nao mezani pa Bwana. Jumatano hiyo watautoa, na pengine watauchukua pamoja na kucheka kwangu. Hii ndiyo sura niliyo nayo leo. Kama mtoto wangu hataiona hii, ataona ipi?”

Nikaichukua ile fremu, nikaaga.

Nilirudi kwa Odero asubuhi nimwambie airudishe kama ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba alikuwa amehifadhi kazi yake juu ya ile ya kwanza, na mimi kadi yangu nilikuwa nimeifuta yote kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, nikijua kila kitu kiko kwenye kompyuta yake. Alijaribu kuutia uso giza tena, ukawa wa kijivu kama jivu la jikoni. Kitambaa nacho kilibaki cheupe tupu, hakuna mkunjo hata mmoja. Odero akavua miwani. “Mzee, ugali ukishaiva haurudi unga. Pole.”

Nilisimama pale, Nyakio, watu wanapita wananisukuma, nikawaza Mama ana bandeji na Jumatano inakuja. Niliomba palepale kimoyomoyo. Halafu nikamuuliza, “Na zile zilizokataa kufunguka ulizitupa?”

Akaanza kutafuta. Hakuwa amezitupa, kwa kuwa hakujua ni kitu gani, na Odero hatupi kitu cha mtu asichokijua. Nikakumbuka kwamba ndani ya katoni ya kamera ulinitumia na sidii, ile CD ya programu yake, ambayo sikuwahi kuigusa, nikifikiri ni mambo ya wasomi. Nilirudi Kangemi nikaileta. Tukaiweka kwenye kompyuta yake, wateja wakalalamika, akawaambia wakae kwanza, kuna mgonjwa anahudumiwa.

Ilifunguka. Mwanzoni haikupendeza, imefifia kama nguo ya mtumba. Odero akashusha mwanga wa kitambaa kidogo kidogo, na mikunjo ya pasi ikaanza kuonekana, mmoja baada ya mwingine, hadi uzi wa pindo. Kisha akapandisha uso, si kuung'arisha, kuutoa tu gizani. Nikaona lile baka la chini ya jicho la kushoto ambalo Mama hulipata akikosa usingizi. Nikaona uvimbe wenyewe, na ngozi yake iliyovutika hadi inametameta. Odero akauliza kama aung'oe. Nikamwambia aache hapo.

Tangu siku hiyo nafikiri sana. Nadhani sisi wanadamu tunakumbukana kama JPEG. Tunaweka kinachotosha na kingine tunakiacha kipotee, ili tuweze kubebana. Sidhani ni dhambi. Wewe uko mbali na una mengi ya kubeba. Lakini Mungu namwona kama asiyetupa kitu chochote cha mtu, hata kile ambacho mwenyewe angependa kifutwe. Hiyo ndiyo faraja yangu kuelekea Jumatano, ingawa nakiri usiku bado nageuka geuka.

Sikatai ulichokitaka. Ile mbichi nimeiweka kwenye sidii mbili, moja kwangu na moja kwa Waringa. Ukiamua baadaye kwamba unamtaka Mama asiye na uvimbe, tutaweza kukupikia, na hakuna kitakachoharibika. Ila Mama ameomba uanze na hii. Itazame kwanza peke yako, usilie mbele ya Jeremy kabla hujamwambia ni nani.

Mpigie simu kabla ya Jumatano, jioni ya huku. Usimwambie pole, amezichoka. Mwambie umemwona.

Nilidhani kwa hii tumemaliza habari ya mazishi, lakini amekataa hii iwe ndiyo ya kubebwa mbele ya jeneza lake. Anasema hii ni yako. Mkono wa Mungu ukimpitisha, siku ile bandeji ikitoka anataka nije na kamera, mdomo uwe umenyooka au umeenda upande, na nisimpige kwa ubavu kumfichia. Ile itakayotoka hapo ndiyo tutakayomzika nayo, akasema, hata kama ni baada ya miaka ishirini.

Msalimie Jeremy sana. Waringa anakusalimu, Odero pia, na akina mama wa kanisa wanakutaja kwenye maombi yao. Janice tumempa majani chai na kimea cha uji, usiache vikae kwenye begi lake.

Bwana akulinde uingiapo na utokapo kazini, na atukutanishe tukiwa na nyuso zozote atakazotuachia.

Ni mimi ninayekupenda siku zote, kaka yako,

Ephantus Waithaka