Ubeti wa Saba Uko Folda Gani?

Jumatatu, 9 Juni

Sikukuu, mvua, hakuna pa kwenda. Jumamosi Mama anatimiza themanini na wimbo wake, wa kuimbwa na wageni wote mezani, sijaugusa. Nilidhani nitauchukua ule wa sabini, niuongezee goti lake jipya na vitukuu, basi. Kumbe kuupata kwenye kompyuta ndiyo kazi! Folda ya Mama – haumo. Folda ya Nyimbo – zimo za harusi, za kipaimara, hata ya kumuaga daktari wa meno. Wa Mama haumo. Mume wangu Mogens akapita na kahawa yake, akasema mkewe ana kabati ndani ya kabati ndani ya kabati, na soksi haioni. Yeye mwenyewe mafaili kayamwaga yote kwenye kioo kama nguo chafu! Nikamwambia akanywe kahawa mbele ya safari.

Nimeupata. Sherehe, ndani yake Familia, ndani yake 2015, ndani yake Ukumbini. Nani aliuzika huko? Mimi.

Jumanne, 10 Juni

Ni wa Mama, ni wimbo, na ni wa sherehe. Sasa ukae wapi? Nimepata akili: nakala tatu, kila folda na yake. Popote nitakapofungua, upo. Mogens acheke tu.

Alhamisi, 12 Juni

Dorthe kapiga simu. Anakuja! Mdogo wangu hajakanyaga sherehe yetu hata moja tangu aachane na Carsten. Sharti ni moja: “Dada, jina la yule mtu nisilisikie. Hata kwa utani. Nikilisikia, nachukua koti langu.” Nikaapa. Nimemkosa mno, jamani.

Mama alifurahi hadi machozi, kisha akauliza kama Carsten naye anakuja, maana alijua kucheza dansi. Mama huyu!

Hapo ndipo nikakumbuka ubeti wa saba. Carsten na Dorthe wanacheza dansi jikoni kwa Mama mpaka bakuli la samaki wa siki linaanguka. Ubeti mtamu kuliko yote. Nimefungua folda ya Mama, nimeufuta, nimeandika mwingine. Vina vimelegea. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Ijumaa, 13 Juni

Keki, maua, bendera za mezani. Mogens kachapisha wimbo, kila mgeni na karatasi yake. Nilimwelekeza: uko kwenye folda ya Mama. Karudi anatamba – hakuhangaika na makabati yangu, aliandika tu “wimbo wa Mama” pale pa kutafutia, ukaja wenyewe. Ukaja mara tatu! Akachukua wa juu. Mikono yangu imejaa krimu, nikasema hongera, funga utepe.

Jumamosi, 14 Juni

Jikoni, ukumbini. Naandika nimesimama kando ya birika la kahawa. Wako ubeti wa tatu.

Nilifungua karatasi yangu wakati wameshaanza. Upande wa nyuma, ubeti wa saba: Carsten! Na dansi, na samaki, kila kitu. Nilirekebisha nakala moja tu kati ya tatu!

Mogens kaja mbio. “Si ulisema wimbo wa Mama? Zote zinaitwa hivyohivyo!” Nikamwambia akachomoe waya wa kinanda. Akasema mahadhi wanayajua, wataendelea bila kinanda, tena kwa sauti zaidi. Kweli.

Wa tano. Mama anapiga meza kwa kijiko. Dorthe yuko pembeni yake, kanipa mgongo, koti liko kwenye kiti. Asubuhi alinikumbatia mlangoni hakutaka kuniachia. Naogopa.

Wa sita. Dorthe kageuza karatasi kabla ya wenzake – ndivyo alivyo tangu utotoni, lazima aone mwisho kwanza. Anasoma. Mabega yanatikisika. Kwa nyuma siwezi kujua ni kicheko au kilio. Mkono umeshika koti – hapana, umeshika mkono wa Mama – sioni, shangazi Gudrun kasimama mbele!

Ukumbi mzima unageuza karatasi.