Goli Ambalo Halikuingia

Shinyanga, mwezi wa pili tangu tukuzike

Masalu,

Sitakuuliza hali. Nimekaa na lile daftari la mpira, nimelihesabu upya mara tatu, na jibu halibadiliki. Nilikosea. Kosa langu ndilo lililokutoa chuoni likakupeleka Geita.

Unajua hesabu sikuzipata darasani. Nilizipata kwenye mizani ya pamba, nikibeba magunia, kabla sijajiwekea akiba ya ada na kuingia chuo hiki nikiwa tayari na ndevu. Pale mizani sheria ilikuwa moja: gunia likipungua, anaulizwa wa mwisho kuligusa. Basi mwalimu wa michezo aliponituma niangalie kwa nini pasi za wapinzani zinatupita tangu msimu uanze, nikaingia uwanjani na sheria ileile. Kila goli nililichora: mstari wa pasi ilikotokea, na msalaba kwa beki aliyekuwa karibu mpira ulipoingia. Mwishoni nikajumlisha misalaba. Mistari sikuigusa.

Mechi kumi na nne, magoli kumi na tisa. Misalaba kumi na tatu ilikuwa yako.

Mwalimu aliisoma hesabu hiyo mbele ya wote. Shija, fulbeki wetu wa kushoto, akaangua kicheko: "Beki wa kati gani huyu? Zizi halina mlango! Pisheni, ng'ombe wapite!" Baada ya hapo hata wauza karanga pale uwanjani walikuita Zizi. Ulinifuata bwenini, miguu imejaa vumbi maana ulicheza peku siku zote, ukasema bila hasira, "Umehesabu nilikofika, Maganga. Hujahesabu nilikotoka."

Na mimi, kwa kiburi, nikakujibu, "Mimi naandika ninachokiona."

Ukatolewa kikosini. Kile kiwanda cha kuchambua pamba, kilichokuahidi kazi kwa ajili ya mpira wako, kikanyamaza. Ada ya muhula uliofuata hukuwa nayo. Ukapanda treni ya Mwanza, kisha lori, ukaenda kushuka chini ya ardhi kuchimba dhahabu ya watu.

Vitu vyako tulivifuata mimi na baba yako. Karani wa mgodi alitusomea karatasi: mwamba uliporomoka, na wewe ulikutwa sehemu usiyopangiwa. Kwa hiyo kosa ni la marehemu mwenyewe. Akakunja karatasi. Nje, mchimbaji mmoja Msumbwa, mkono umefungwa bendeji, akamjia baba yako. "Shikamoo, mzee. Mwanao alikopangiwa kulikuwa salama kabisa. Alinisikia napiga kelele, akaja."

Karani yule alikuwa ameandika kama mimi. Ulikofika. Basi.

Niliporudi nikafungua daftari, safari hii nikafuata mistari. Katika misalaba yako kumi na tatu, pasi tisa zilipita upande wa Shija, yeye akiwa mbele huko anatafuta kushangiliwa, wewe umeacha katikati umekimbia kuziba. Mbili ni kona, hizo ni zetu sote. Mbili ni zako. Hata sasa sitakudanganya, ile ya mechi ya Isaka ulilala kabisa. Na ulipotolewa? Mechi nne, magoli kumi na moja. Hizo hakuna aliyeniomba nizihesabu.

Nilimpelekea mwalimu. Hata hakukaa. "Ligi imekwisha, Maganga. Marehemu harudi kikosini." Shija naye nilimwonyesha michoro. Hakucheka.

Baba yako hasomi, nikamchorea uwanja chini kwa fimbo yake ya kuchungia. Aliambiwa ulifukuzwa mpirani kwa uzembe, na uzembe huohuo ukakuua. Akautazama ule mchoro. "Kumbe mwanangu alikuwa anaziba pengo la mwenzake," akasema. "Hata machungani alikuwa hivyo. Nilimchapa. Nilimchapa kwa kuacha ng'ombe wetu akakimbilia wa jirani." Halafu akaninyang'anya fimbo, akaenda kusimama na ng'ombe wake, mgongo kwangu. Sikumfuata.

Jumamosi kikosi kipya kinakutana. Nitasimama nisome hesabu yote, mstari kwa mstari, kwa jina lako. Mwalimu amesema nikithubutu nifungashe mizigo. Sawa. Mizani ya pamba bado ipo, na mgongo wangu bado ninao.

Kinachonikosesha raha ni kingine. Msimu mzima sikuandika hata pasi moja uliyoikata. Pasi ikikatwa hakuna goli, na pasipo goli sikuwa na msalaba wa kuweka. Zilikuwa ngapi? Mimi, mtu wa hesabu, sijui. Sitajua tena.

Kwa hiyo nimefungua ukurasa mpya, naandika zile ninazozikumbuka. Ya kwanza ni siku ya mvua, tulipocheza na wachimbaji wa almasi. Shija yuko mbele. Winga wao anapiga pasi ndefu nyuma yake, mtu wao yuko peke yake na golikipa wetu. Unatokea katikati, unauwahi mpira kwa kichwa, unaangukia mgongo kwenye tope. Mpira unatoka nje. Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyepiga makofi.

Nimeiandika, Masalu. Jumamosi nitaanza na hiyo.

Kwaheri, ndugu yangu.

Maganga