Kidole Nilichokitia Chumvi

Marahaba, mjukuu wangu Zainabu. Shikamoo yako imefika salama hapa Ujiji. Mume wetu babu yako anakohoa kidogo tu, na shangazi yako amepata chumba cha kushonea nguo kule Mwanga.

Umeniuliza, wewe mwanafunzi wa uuguzi, hili kovu pana la kidole gumba nililipataje. Nilikuwa msichana, napasua samaki, migebuka wa kukausha, pale mwaloni ufukweni mwa ziwa, kisu kikateleza. Kwa akili zangu nikaona, kama chumvi inamzuia samaki kuoza, basi na kidonda hakitaoza. Kila asubuhi nikakichovya kidole kwenye maji ya chumvi ya samaki, nikakisugua, nikakianika juani. Wiki zikapita, hakifungi. Mama yangu alipogundua akanishika mkono: "We mtoto, mgebuka amekufa. Wewe uko hai!" Akakiosha kwa maji yaliyochemshwa, akakifunga kitambaa safi, akanikataza kukichokoza. Taratibu kikajifunga.

Sasa unaniandikia kwamba mwili wenyewe hutoa vichocheo vya ukuaji, vinakusanyika kwenye jeraha na kuiamsha ngozi mpya. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili. Kumbe vilikuwa vinakuja kunitengeneza, nami kila kukicha navifukuza kwa chumvi!

Nimekitazama kidole changu, nikakiomba radhi.

Ni mimi bibi yako, niliyeishikilia karatasi hii kwa kidole hicho hicho.