Usingizi wa Nne wa Viwavi

Dada Michiyo mpendwa,

Tomie ametafuna ncha ya upinde wa fidla yangu sasa hivi, kisha akanichekea kwa vijino vyake viwili. Nimeshindwa hata kumgombeza.

Unakumbuka okestra yetu ilivyoanza baada ya vita, watu tisa kwenye ghala la hariri, mwashi akipiga ngoma? Sasa tuko arobaini, na mchana huu tunapiga simfonia nzima kwa mara ya kwanza. Ila jana mama mkwe alinikataza. "We Hatsue, viwavi wa hariri wanakula mfululizo mpaka usingizi wao wa nne, nao ni keshokutwa. Fidla yako itawakatia majani ya mforosadi?" Nililia jikoni, dada, peke yangu.

Basi leo asubuhi tumewakuta viwavi wote wameinua vichwa, wamelala ule usingizi wa kujivua ngozi, siku moja kabla. Wakilala hawali hata jani. Mama mkwe amewatazama, akanitazama mimi, akatoka nje. Nimeshavaa gauni jeusi la okestra. Nakuandikia huku nikisubiri, maana hajasema ndiyo wala

Ananiita. "Hatsue, lete huyo mtoto nimfunge mgongoni. Wenzako wakungoje mpaka lini?" Dada, naenda, nitaku