Kamba Iliyokatika Kimironko

Nyamirambo, Ijumaa

Mume wangu Shabani,

Salamu zikufikie huko Doha. Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza, na mama yako ananipikia utadhani mimi mgeni.

Kazi ya lile jengo la Kimironko inaenda vizuri. Juzi tulikuwa tunapitisha waya nne nene za umeme kwenye bomba moja ukutani, zikakwama kwenye kona. Mimi na Mucyo, fundi mwenzangu, tukavuta kwa nguvu zote, na kamba ya nailoni tuliyozifungia ikakatika. Nikaanguka chali. Mucyo alianza kucheka, kisha akaona nimeshika tumbo.

"Swafiya, uko na mimba?"

"Ndiyo. Nipeleke hospitali."

Usishtuke. Daktari alinisikilizisha moyo wa mtoto, unapiga vizuri. Tumenunua kamba nene, inayohimili mzigo ule, na sasa Mucyo ndiye anayevuta. Mimi nakaa upande wa pili, nazipaka waya sabuni na kuziingiza taratibu.

Sikukuambia mapema kwa sababu yule wa kwanza alitutoka akiwa na miezi mitatu tumboni, nawe ulilia sana. Huyu ameingia mwezi wa tano. Anza kumtafutia jina.

Mkeo akupendaye,
Swafiya