Jani la Isale kwa Baba Mkubwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza kwa nini niliwaficha kutetemeka kwangu mwaka mzima. Daktari wa Moshi alinieleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna vijisehemu vinavyoamua mwendo upi uachiwe na upi uzuiwe, na kemikali inayoviwezesha imenipungukia. "Si pombe, mzee," akasema. Hapo nikainamisha kichwa.

Ujanani, kwenye kipaimara cha dada yangu, nilikuwa nagawa mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba mkubwa Elia, kaka wa baba yangu, alitetemeka mikono na kutembea kwa hatua fupi. Alipoinua kata yake ya kwanza, mbege ikamwagikia koti. Nikamnyang'anya mbele ya watu: "Baba mkubwa, leo imekutosha." Wakacheka. Akajibu tu, "Sawa, mwanangu," akaondoka. Hakuja tena kwenye sherehe yoyote.

Mila yetu unaijua: ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, mmea wetu wa amani, naye hawezi kukunyima msamaha. Sikumpelekea. Nilijiambia ni mlevi.

Jumapili nilimwaga chai nje ya kanisa. Mama mmoja akanishikia kikombe mpaka nikamaliza. Nilitamani acheke.

Wakati wa kurudi nilipitia kaburini kwa baba mkubwa. Mimea ya masale imelizunguka kaburi pande zote. Nikachuma jani moja, likatetemeka mkononi mwangu, na hapakuwa na wa kumkabidhi.

Babu yako,
Kijijini Masama